Mfungwa wa Mpakani Hulishwa na Nani?

Barua iliyonifikia juma lililopita iliandikwa kwa kalamu ya risasi, kwenye ukurasa uliochanwa katika daftari la mtoto wa shule. Aliyeiandika ni mama wa makamo, mkazi wa Bwera katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, ambaye riziki yake ni kuuza samaki wakavu na unga wa muhogo katika soko la Mpondwe. Jina lake nalihifadhi kwa ombi lake mwenyewe.

"Dada yetu wa ukurasa wa nyumbani," aandika, "mimi nina wafungwa wawili. Mdogo wangu wa kiume alikwenda kutega nyavu katika Ziwa Edward, usiku akavuka mpaka bila kujua, askari wa Kongo wakamkamata. Mtoto wa mama yangu mdogo, ambaye ni mwenyeji wa upande wa Kongo, naye alikamatwa upande wetu kwa kosa lilo hilo. Kila mwezi naigawa faida yangu mafungu mawili, na mafungu hayo hayalingani. Yule aliyefungwa Uganda hula posho na maharagwe ya serikali, nami humpelekea sabuni na sukari tu. Yule aliyefungwa Kongo, asipopelekewa chakula hulala na njaa. Lakini nasikia redioni ya kuwa Uganda hufunga watu wengi zaidi. Nieleze, dada: ni nchi ipi yenye magereza mabaya? Mume wangu asema ni Uganda, nami naona mzigo wangu mkubwa uko Kongo."

Wapo watakaoniuliza mambo ya magereza yanatafuta nini katika ukurasa wa mapishi, malezi na ushonaji. Nitawajibu kwamba mama huyu hakuandika kwa mhariri wa siasa. Ameandika hapa kwa sababu sufuria yake imepungua, na mwenye kuipunguza ni gereza.

Kwa wale ambao hawajafika huko, nitaeleza kidogo. Ukitoka mji wa Kasese kwa teksi unashuka kusini, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kuume na nyika ya Hifadhi ya Queen Elizabeth mkono wa kushoto, hata ufike njiapanda ya Kikorongo. Hapo barabara inakata kwenda magharibi, inapanda vilima vyenye migomba na kahawa, na muda si mrefu uko Bwera. Mbele kidogo ni Mpondwe, na chini ya Mpondwe ni mto Lhubiriha, ambao ndio mpaka. Ng'ambo ni Kasindi, katika Kivu ya Kaskazini. Wakazi wa huku huitwa Wakonzo, na wa kule huitwa Wanande, lakini lugha yao ni moja, majina ya watoto wao ni yale yale, na chakula chao ni kile kile. Waliochora mpaka ni Wabelgiji na Waingereza. Siku ya soko wanawake huvuka daraja na mizigo kichwani kama mtu atokaye jikoni kuingia uani.

Ziwa nalo limegawanywa na mstari usioonekana. Mvuvi wa Katwe au wa Kayanzi haoni bendera majini. Mwezi wa Julai 2018 askari wa nchi hizo mbili walifikia hata kurushiana risasi ziwani, na watu wakafa. Tangu kabla ya hapo na baada yake, wavuvi wa kila upande wamejikuta katika mahabusu ya upande wa pili. Kwa hiyo habari ya mama huyu si ya pekee. Ila yeye amekuwa na bahati mbaya ya kuwa na ndugu pande zote mbili kwa wakati mmoja, na hivyo amepata kulinganisha jambo ambalo wataalamu hulilinganisha kwa makaratasi.

Hesabu na mipaka yake

Tuanze na hayo makaratasi, ili tumtendee haki mume wa mama. Wenye kuchunguza habari za magereza duniani huchukua idadi ya wafungwa na mahabusu wote wa nchi, kisha wakaigawa kwa kila watu 100,000. Katika mwaka wa 2023 magereza ya Uganda yalikuwa na watu zaidi ya 75,000. Sensa ya 2024 ilihesabu wananchi milioni 45.9. Ukipiga hesabu hiyo utapata kama wafungwa 165 kwa kila watu 100,000. Kongo, nchi yenye watu wapatao milioni 100, ilikuwa na wafungwa wapatao 45,000 katika miaka hiyo, yaani kama 45 kwa kila watu 100,000. Tanzania, iliyohesabiwa watu milioni 61.7 katika sensa ya 2022, ina wafungwa waliopita 30,000 kidogo, yaani kama 50. Basi mume yu sahihi: Uganda huwafunga watu wake zaidi ya mara tatu kuliko jirani zake hao wawili.

Tofauti za namna hii haziko kwetu peke yetu. Huko Marekani, nchi ambayo hufunga watu wengi kuliko karibu nchi zote za dunia, jimbo la Louisiana huwa na watu zaidi ya 1,000 gerezani kwa kila wakazi 100,000, wakati jimbo la Massachusetts halifiki 300. Bendera yao ni moja, katiba ni moja, fedha ni moja. Lakini mtu aliyezaliwa Louisiana ana hatari ya kufungwa mara nne ya yule wa Massachusetts. Gereza kubwa la Louisiana, lililo kando ya mto Mississippi, limejengwa juu ya shamba lililolimwa na watumwa, na hata leo watu huliita Angola, kwa jina la nchi walikotoka watumwa hao. Jambo hilo la shamba nitalirudia, maana linatuhusu.

Hata hivyo, hesabu hii ya kwa kila 100,000 inatuambia ni watu wangapi wamo ndani. Haituambii wamo kwa muda gani, wala wamehukumiwa au hawajahukumiwa, wala wanakula nini. Na zaidi ya yote haituambii ni nani aliye nje anayelipa gharama. Kwa mama wa Bwera maswali haya ndiyo yenye maana.

Upande wa Kongo

Tuvuke daraja kwanza. Idadi ndogo ya wafungwa wa Kongo isimfanye mtu adhani kwamba huko kuna huruma zaidi. Sababu kubwa ni kwamba serikali haina mkono mrefu wa kufika kila mahali, na magereza yenyewe ni machache, mengi yakiwa yalijengwa na Wabelgiji kabla ya uhuru wa 1960. Watu wakakusanywa humo humo. Gereza la Makala mjini Kinshasa lilijengwa kwa watu 1,500, na katika mwaka wa 2024 lilikuwa na watu karibu mara kumi ya hao. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 2024 wafungwa wa Makala walijaribu kutoka kwa nguvu, na serikali ilitangaza kwamba watu wasiopungua 129 walikufa, wengi kwa kukanyagana na kukosa hewa.

Kwa wafungwa wa Kivu ya Kaskazini, jina linalojulikana zaidi ni Kangbayi, gereza la mji wa Beni, ambao uko kama kilomita 80 kutoka Kasindi. Mwezi wa Juni 2017 watu wenye silaha walilivamia, na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Tarehe 20 Oktoba 2020 likavamiwa tena, wakatoroka zaidi ya 1,300. Mwezi wa Agosti 2022 ikawa zamu ya gereza la Kakwangura huko Butembo, ambako zaidi ya 800 walitoweka. Hebu fikiri: gereza linamwagika kama gunia lililopasuka, na humo mlikuwamo wauaji pamoja na vijana walioshikwa kwa wizi wa kuku. Kijana wa kuku akitoroka huogopa kurudi nyumbani, kwa sababu sasa ana kosa la pili lililo kubwa kuliko la kwanza. Akibaki, huenda akauawa katika vurugu. Mama zao hawakujua ni lipi la kuomba.

Kisha liko jambo la chakula. Katika magereza mengi ya Kongo fedha za kuwalisha wafungwa huchelewa kutoka Kinshasa au hazitoki kabisa, na desturi iliyoshika mizizi ni kwamba mfungwa hulishwa na jamaa zake. Mwanzoni mwa 2020 zilienea habari za wafungwa wa Makala waliokufa kwa njaa na kwa kukosa dawa. Ikiwa mambo yako hivyo katika mji mkuu, msomaji anaweza kukisia hali ya mji wa mbali. Wafungwa ambao hawana jamaa karibu hutegemea makombo ya wenzao, parokia, na mashirika ya misaada. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imekuwa ikitembelea magereza ya mashariki ya Kongo na kusaidia lishe. Mvuvi aliyetoka nchi nyingine ndiye asiye na jamaa karibu kuliko wote. Kwa hiyo dada yake anavuka daraja na bakuli la ugali wa muhogo na sombe, analipa nauli ya kwenda Beni katika barabara ambayo kwa miaka mingi imekuwa na hatari ya kushambuliwa, na chakula kikifika kimepoa kama jiwe.

Sheria ya Kongo, ukiisoma, haina ubaya. Katiba ya 2006 yasema mtu asiwekwe mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Katiba ya Uganda ya 1995 nayo yasema saa 48. Saa ni zile zile pande zote mbili za mto! Lakini tarehe 6 Mei 2021 serikali ya Kinshasa iliiweka Kivu ya Kaskazini na Ituri chini ya utawala wa kijeshi kwa sababu ya vita, na kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi, ambazo hazikuwa na majaji wa kutosha. Mafaili yakalala, na watu wakalala pamoja na mafaili yao. Zaidi ya wafungwa 7 katika kila 10 wa Kongo ni watu ambao bado hawajahukumiwa.

Upande wa Uganda

Sasa turudi Bwera. Uganda ina magereza zaidi ya 250, makubwa na madogo. Mengi ya hayo madogo yalikuwa ya tawala za mitaa, na sheria ya 2006 iliyaweka yote chini ya serikali kuu. Nafasi zilizojengwa zilikuwa za watu 20,000 hivi wakati wafungwa walipopita 75,000. Maana yake ni kwamba mahali palipokusudiwa watu 20 wanalala zaidi ya 70. Hulala kwa ubavu, na mmoja akigeuka safu nzima inageuka. Kifua kikuu hupenda vyumba vya namna hiyo.

Lakini wanakula. Nalisema hili bila kejeli, maana kwa mwenye nduguye Kongo si jambo dogo. Posho na maharagwe, siku baada ya siku, hakuna cha kusifia katika ladha. Walakini kipo chunguni, na serikali ndiyo inayokipika. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa Desemba 2015 na kupewa jina la Mzee Mandela kwa ajili ya miaka 27 aliyokaa kifungoni, zinasema katika kanuni ya 22 kwamba chakula cha mfungwa ni wajibu wa wasimamizi wa gereza. Katika jambo hili moja Uganda imeizidi Kongo mbali sana.

Chakula hicho hutoka wapi? Sehemu yake hutoka mashambani. Magereza ya Uganda hulima mahindi na pamba kwa jasho la wafungwa, na huko Kasese liko gereza la kilimo la Mubuku, katika uwanda unaonywesha maji ya mto wa jina hilo. Mtu apitaye barabarani huona safu za nguo za njano shambani na askari mwenye bunduki kando. Mwaka wa 2011 shirika la Human Rights Watch, baada ya kutembelea magereza 16 ya Uganda, lilichapisha taarifa ndefu iliyoeleza jinsi wafungwa, wakiwamo wagonjwa na mahabusu, walivyolazimishwa kulima mashamba ya gereza na hata ya watu binafsi waliolipia nguvu kazi hiyo, na jinsi waliopunguza mwendo walivyopigwa. Taarifa hiyo ilifuatwa na ahadi nyingi za marekebisho. Mimi siko upande wa wale wanaosema mfungwa asifanye kazi. Kukaa bure katika chumba kilichojaa ni mateso ya namna yake, na ufundi aliojifunza mtu humfaa atokapo. Ninachouliza ni hiki: mtu ambaye hajahukumiwa analimia kosa gani? Na je, gereza linalohitaji mikono ya kuvuna litakuwa na haraka ya kuipunguza mikono hiyo? Louisiana swali hili limeulizwa kwa vizazi.

Maana karibu nusu ya watu walio magerezani Uganda ni mahabusu. Hawajapatikana na hatia. Wanangoja.

Kungoja huko, watu wa Kasese wanakufahamu kuliko wengi. Tarehe 26 na 27 Novemba 2016 yalitokea mapambano baina ya vyombo vya dola na walinzi wa ufalme wa Rwenzururu, na mwishowe jumba la mfalme mjini Kasese likashambuliwa. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mfalme Charles Wesley Mumbere alikamatwa pamoja na walinzi wake, na watu zaidi ya 200 wakashtakiwa kwa makosa ya uhaini, ugaidi na mauaji. Sina nia ya kuhukumu hapa nani alianza na nani alizidisha. Ukurasa huu si mahakama, na majeraha yale bado mabichi katika nyumba nyingi, za askari polisi waliouawa na za raia pia. Naangalia kalenda tu. Mfalme alipata dhamana mwanzoni mwa 2017 kwa sharti la kutokanyaga kwao. Wengi wa walinzi walibaki ndani. Mwezi wa Juni 2023 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashtaka hayo. Mfalme alirudi Kasese Oktoba mwaka huo.

Kutoka Novemba 2016 hadi Juni 2023 ni miaka 6 na nusu. Mtoto aliyekuwa tumboni siku ile alikuwa ameanza shule. Na walinzi hao hawakuwekwa Bwera au Mubuku, bali Luzira na Kirinya, na Kirinya iko Jinja, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kasese. Mke wa mlinzi, ambaye aghalabu ni mkulima wa mihogo kwenye mteremko wa mlima, angefikaje? Nauli ya kwenda na kurudi ingemaliza mavuno ya msimu. Kanuni ya 59 miongoni mwa zile za Mandela inashauri mfungwa awekwe karibu na kwao kadiri iwezekanavyo, na waliotunga kanuni hiyo walijua sababu yake: mfungwa asiyetembelewa huvunjika, na nyumba yake huvunjika pia. Wapo wanawake waliolea peke yao, wapo waliodhaniwa wajane na kuombwa waolewe, wapo waliouza shamba. Mtu akifutiwa mashtaka hapewi risiti ya kudai shamba lake.

Basi hapo mizani ya mama wa Bwera inabadilika tena. Kongo gereza linamla mlishaji kila siku kwa kijiko. Uganda linamla kwa miaka.

Ya kufanya

Mama anataka pia msaada wa vitendo, nami nimeuliza kwa wanasheria ili nisimpotoshe. Nayaandika kwa ajili ya kila msomaji mwenye ndugu mahabusu upande wa Uganda.

Dhamana ya polisi hailipiwi. Vituo vingi vimebandika tangazo la kusema hivyo ukutani, na bado watu hutoa fedha wakiwa wamesimama chini ya tangazo hilo hilo. Ukiombwa fedha, uliza risiti, na utaona sauti inavyoshuka. Dhamana ya mahakama ni jambo lingine: mahakama inaweza kudai fedha taslimu, lakini fedha hizo ni amana, na kesi ikiisha mshtakiwa akiwa amehudhuria ipasavyo, hurudishwa. Tunza karatasi ya malipo kama unavyotunza cheti cha ubatizo.

Katiba, kifungu cha 23, imeweka muda. Kwa makosa yanayoweza kusikilizwa na hakimu wa chini, mtu akikaa mahabusu siku 60 kabla ya kesi kusikilizwa, lazima apewe dhamana kwa masharti ambayo mahakama itaona yafaa. Kwa makosa makubwa ya Mahakama Kuu ni siku 180 kabla ya kesi kukabidhiwa Mahakama Kuu. Hapa pana shimo ambalo watu wengi hutumbukia: upande wa mashtaka ukiikabidhi kesi siku ya 179, hesabu hiyo imekwisha, na baada ya hapo hakuna ukomo wa siku uliotajwa. Mtu hungoja kikao cha Mahakama Kuu, na kikao hungoja bajeti. Kwa hiyo usikae nyumbani ukihesabu miezi. Hesabu siku, uziandike, uende mahakamani na karatasi yako kabla hazijafika. Na mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la kunyongwa au kifungo cha maisha ana haki ya wakili wa serikali bila malipo, hata kama hajamwomba.

Kwa ajili ya wadhamini, utatakiwa kuwa na barua ya mwenyekiti wa kijiji, yaani LC1, vitambulisho vya taifa, na ushahidi kwamba mshtakiwa ana makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama. Sharti hili la mwisho ndilo linalomnyima dhamana mtoto wa mama mdogo. Makazi yake yako ng'ambo ya mto, na macho ya sheria hayaoni ng'ambo. Wamo katika magereza ya mpakani vijana wenye makosa madogo, ambao wangekuwa nyumbani siku ya tatu kama mama zao wangalizalia mita 500 mashariki zaidi. Nimeelezwa kwamba mara nyingine hakimu hukubali jamaa wa karibu, mwenye nyumba na biashara upande wa Uganda, aeleze kwa maandishi kwamba mshtakiwa atakaa kwake mpaka kesi iishe. Si lazima akubali. Lakini mama ana kibanda sokoni na nyumba Bwera, na barua ya LC1 haigharimu nauli ya Beni.

Iko pia Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2000, ambayo inamruhusu hakimu, badala ya kumfunga mtu kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 2, amwamuru afanye kazi ya umma karibu na kwake: kufyeka barabara, kusafisha zahanati, kuchimba vyoo vya shule. Kasese ni wilaya iliyozungukwa na hifadhi na ziwa. Wengi wanaofungwa huko ni watu walioingia msituni kuokota kuni au kutega mnyama, na wavuvi wenye nyavu zisizoruhusiwa. Sisemi wanyama na samaki wasilindwe. Ila kumweka mwokota kuni miezi katika chumba chenye kifua kikuu, na mkewe na watoto sita wakabaki bila mlimaji, ni kuulinda msitu kwa gharama ambayo msitu wenyewe haukuomba. Mshtakiwa na aiombe huduma hiyo kwa kinywa chake mbele ya hakimu kabla hukumu haijatolewa; wengi hunyamaza kwa kuwa hawajui ipo.

Upande wa Kongo sina ushauri mwingi, na ningekuwa mwongo kama ningejifanya ninao. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa mfungwa wa kigeni haki ya kutaka wawakilishi wa nchi yake wajulishwe. Kaka wa mama aliombe hilo kwa maandishi, na familia ipeleke habari hiyo hiyo kwa mkuu wa wilaya huko Kasese, maana wavuvi waliowahi kurejeshwa walirejeshwa kwa mazungumzo ya wakuu wa pande mbili zaidi kuliko kwa hukumu za mahakama. Msalaba Mwekundu huweza kubeba ujumbe mfupi wa kifamilia. Na chakula, mama, kiendelee kupelekwa. Peleka kikavu: unga, maharagwe, samaki wa chumvi, njugu zilizokaangwa. Mtafute mwanamke wa mji ule, wa lugha yenu, akupikie kwa zamu, nawe umlipe kwa samaki. Itakuwa nafuu kuliko nauli, na ndugu yako atakula kingali moto.

Ama lile shauri kati yako na mumeo, mwambie kwamba yeye amehesabu watu nawe umehesabu sahani, na nyote mmepata jibu la kweli. Nchi inayowafunga wengi na kuwalisha, na nchi inayowafunga wachache na kuwasahau, zote mbili zimekutumia ankara wewe.

Barua yake inamalizika kwa kuuliza iwapo samaki wa chumvi ya Katwe hudumu zaidi akikaushwa kwa jua au kwa moshi. Swali hilo nitalijibu juma lijalo, pamoja na yale ya wasomaji wawili walioniuliza namna ya kuhifadhi unga wa muhogo usiingie fukusi.